Njia ya Watu wa Boma

Mimi sijui kukaa. Hata kwenye mazishi ya Mzee Baariu mwezi uliopita, pale juu ya Kangeta, nilihama viti mara kadhaa kabla ibada haijaanza, hadi mama mmoja wa kanisa akaninong'oneza kwamba choo kiko nyuma ya jikoni. Sikuwa natafuta choo. Ni mwili tu, umekataa kutulia tangu nilipokuwa msichana, na sasa nimestaafu na magoti yananung'unika nikipanda ngazi, lakini ile hamu ya kuinuka na kwenda iko palepale. Nilikuwa nimekuja kwa pikipiki kutoka Timau, suruali chini ya sketi nyeusi, na nilikuwa nahangaika na helmeti mkononi nisijue pa kuiweka nilipomwona Njeru. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwisho kabisa, kule pembeni ambako kamba za hema hushuka, kofia yake gotini. Ndevu zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Mikono ilikuwa ileile, mikubwa, yenye weusi wa oili kwenye kucha, ule usiotoka hata kwa sabuni ya unga. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ninaotaka kuusimulia. Nilivuta kiti nikakaa kando yake bila salamu, naye bila kunigeukia akasema, "Bwana Shamba. Nimekuona ukifika. Bado unafunga helmeti vibaya." Hapo nikajua kwamba siku hiyo sitasikia neno hata moja la mhubiri.

Mambo ya ukoo wangu nayaruka. Nani alinizaa na alikuwa na kahawa kiasi gani huko Githongo hayatawasaidia chochote. Itoshe kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimetoka chuo cha kilimo, na serikali ikanituma Igembe kuwafundisha wakulima kupanda maharagwe katikati ya miraa, kazi ambayo wakulima waliichukulia kama kichekesho kizuri. Waliniita Bwana Shamba, msichana mzima, kwa sababu cheo hicho hakikuwa na jina la kike na hakuna aliyejisumbua kulitafuta. Ofisi ilinipa pikipiki ya matairi ya meno, ndefu hivi kwamba nikisimama nayo vidole vya miguu ndivyo vilivyogusa chini. Mwezi wa kwanza niliiogopa. Mwezi wa pili nilianza kuzunguka njia ndefu kwenda kwa mkulima wa karibu. Baada ya hapo sikuwa na dawa. Nikiona njia yoyote inaingia kichakani, situlii mpaka nijue inatokea wapi.

Nilipanga chumba katika boma la Mzee Baariu, kwenye nyumba yake ya mbao iliyopakana na msitu. Chumba changu na sebule yao vilitenganishwa na mbao zilizokauka zikaachana, kwa hiyo nilisikia kila kitu: radio ya taarifa za vifo, wazee wakitafuna na kubishana juu ya mipaka, na Mzee na mkewe wakinijadili bila kupunguza sauti. "Huyu msichana ataanguka na hiyo kitu," Mama Karimi angesema. "Wacha aanguke," Mzee angejibu. "Si udongo ndio kazi yake?" Halafu wangecheka wote wawili, na mimi upande wangu wa ukuta ningecheka pia, nao wangenyamaza kidogo na kucheka tena. Chakula nilipaswa kujipikia. Nilijipikia wiki moja. Mama Karimi alionja githeri yangu, akaitema mlangoni kuku wakaikimbilia, na tangu siku hiyo nikala sebuleni kwao kila jioni: mukimo wenye majani ya malenge, nduma, chai ya maziwa iliyochemka hadi ikawa nyekundu. Nilikalia kiti kilekile chenye kitambaa cha kufuma, na mbele yangu, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya binti yao Karimi akiwa bibi harusi, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ufunguo.

Ufunguo huo ulinitesa. Ulikuwa wa kufuli, kufuli ilikuwa ya mnyororo, na mnyororo ulishika gogo lililolazwa kwenye mdomo wa njia, hatua chache tu kutoka zizi la ng'ombe. Njia yenyewe ilichimbwa zamani za mkoloni kupitisha mbao. Ilikata msitu wa Nyambene kwa juu, ikashuka upande wa pili hadi kwenye tambarare za joto zinazotazamana na mbuga. Wezi wa mbao walipoizoea, wazee wa pale waliifunga, ofisi ya msitu ikaridhika, na ufunguo ukawekwa kwa Baariu kwa kuwa shamba lake ndilo la mwisho. Waliopita walikuwa watu wa boma lake peke yao, wakienda kuangalia mizinga ya nyuki na ng'ombe walioachwa bondeni. Nilimwomba nikiwa nimesimama, nikamwomba nikiwa nimekaa, nikamwomba nikimenya nduma. Kila mara jibu lilikuwa moja. "Hii ufunguo si ya mpangaji." Hakuwa mkali. Alilisema vile mtu anavyosema kwamba leo ni Jumanne. Nami ningerudi chumbani nikalala nikiwaza jinsi njia ile inavyoshuka, kona kwa kona, kona ambazo sikuwahi kuziona.

Ndipo akaja Njeru. Ofisi ilikuwa na pikipiki nyingi mbovu na fundi mmoja aliyezijua, naye alikuwa mtu wa Embu, aliyepanda kila mwezi akiwa na kisanduku cha spana kimefungwa nyuma ya pikipiki yake mwenyewe. Aliiunda kwa vipande vya tatu zilizokufa. Tangi lilikuwa jekundu, madigadi ya bluu, na sauti yake iliwatoa mbwa majumbani. Alifungua kabureta yangu, akatoa mchanga wa kujaza kijiko, akaniuliza, "Wewe unalima na hii pikipiki ama unaiendesha?" Nikamwambia kama anaweza kunifuata anifuate. Alinifuata. Mwaka ule, kila Jumamosi aliyokuwa upande wetu, tulitafuta njia zilizofungwa. Tulipanda Timau tukazungumza na walinzi wa mashamba makubwa ya ngano hadi wakatufungulia malango, tukapita kati ya ngano na baridi inayokata masikio, mlima ukiwa mweupe juu yetu. Tulishuka Mbeere, upande wa kwao, tukaingia kwenye mito mikavu, mchanga ukatuangusha, tukalala pale chini tukicheka na injini zinapiga kelele kando. Mahali pengine tulirudishwa na askari wa msitu wenye haki yao, tukarudi. Hatukuwahi kuvunja kizuizi. Njeru alikuwa na msimamo huo: njia usiyopewa haina utamu. Mimi ningevunja. Lakini nilipenda kuendesha nyuma yake, niseme wazi, nilipenda kuona mgongo ule ukiinama kwenye kona, na sikumwambia mtu, hata mimi mwenyewe sikujiambia.

Nilipomwonyesha lile gogo, alizunguka mbele yake kwa muda, akapiga mnyororo kwa kiatu. "Huyu mzee anaombwa aje?" akauliza. Nikamjibu kwa haraka, kwa sababu nilikuwa nachelewa mkutano wa akina mama, "Mzee haombwi mikono mitupu. Lete miraa. Iwe ya heshima." Nilisahau namzungumzia mtu wa Embu. Kwao wanatafuna muguka, majani yanapimwa kwa ngumi na kutiwa kwenye karatasi ya plastiki, mtu anaweka mfukoni anaenda zake. Hakujua kwamba kwetu miraa ina mafundo yake, kwamba kuna ya kuuza, ya kumsalimia mgeni na ya kutuliza ugomvi, na kila moja hufungwa kivyake. Alienda sokoni Kangeta asubuhi na mapema, akamwambia muuzaji anataka ile ya heshima kabisa. Muuzaji akamuuliza, ni ya kupeleka kwa boma ya watu? Akasema ndiyo. Huko kwa boma kuna msichana? Njeru, mtu mkweli hadi inachosha, akasema yuko, na saa hii ananingoja. Wale wanaume wakampigia makofi. Alinisimulia haya baadaye njiani, akishangaa jinsi watu wa Igembe wanavyopenda wasafiri.

Basi aliingia sebuleni Jumamosi ile akiwa na koti lake la vumbi na akaweka mezani ncoolo. Mimi ni wa Imenti, upande mwingine wa Meru, lakini hata sisi tunaijua. Vijiti vimelingana, vyekundu, vimechumwa asubuhi hiyohiyo, vimevishwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba za mgomba, bunda zuri hivi kwamba huwezi kulikosea. Hilo ndilo bunda linalopelekwa kwa baba ya msichana. Mama Karimi alikuwa na sufuria ya uji. Aliiweka chini, akatoka, akarudi amevaa kitambaa safi kichwani. Mzee Baariu alizima radio. Sikuwahi kuona radio ile ikizimwa mchana.

"Mzee," Njeru alianza, amesimama wima, "nimekuja kuomba njia."

"Nimeona umekuja kuomba," Baariu akasema. Akanigeukia. "Mwari, huyu mtu unamjua?"

Mwari ni binti. Hakuwa ameniita hivyo kamwe. Nilikuwa Bwana Shamba, au mpangaji. "Namjua," nikasema.

"Ni wa wapi?"

"Embu. Ni fundi wa ofisi."

"Anakunywa?"

"Chai tu, mzee!" Njeru akadakia kwa furaha. Alidhani anachunguzwa asije akawa mwizi wa mbao.

"Ni mtu wa kukaa ama ni wa kupita?"

"Ni kupita tu, mzee, hatutakaa!"

"Sijakuuliza wewe," Baariu akamwambia, bila hasira. Mama Karimi aliuma ncha ya kitambaa chake asicheke. Nilijaribu kujiokoa. Nilimwambia kwa Kimeru, haraka, ili Njeru asishike yote, kwamba kuna makosa, na tena mimi si msichana wake. Mzee akaniangalia kwa utulivu. "Unakula wapi?" Nikasema hapa. "Basi," akasema, na akaweka kiganja juu ya bunda bila kulifungua. "Nikifungua nimekubali. Nisipofungua atarudi nalo, na njia hatapewa. Wewe ndiye wa kusema. Nifungue ama nisifungue?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria swali lile na bado sijui nilijibu nini, ingawa neno nalikumbuka. Niliutazama ukuta. Niliuona ufunguo, nikaona mavumbi juu yake, nikasikia pikipiki zetu zikipoa nje kwa vile vimlio vya chuma. Nilijiambia kwamba ni njia ndiyo ninayoitaka. Njeru alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtu anayengoja lango lifunguliwe, mazuri, yasiyojua chochote. Nikashika kiti. Nikasema, "Fungua."

Baariu alifungua fundo polepole, akatafuna kijiti kimoja, akampa Njeru kimoja. Kisha akainuka, akautoa ufunguo kwenye msumari na kuuweka mkononi mwa Njeru. Hakunipa mimi. "Kufuli iko na kutu," akamwambia. "Zungusha pole pole. Na huyu usimwangushe."

"Siwezi, mzee," Njeru akasema. "Yeye hujiangusha mwenyewe."

Njia ilikuwa kila kitu nilichokiwazia na zaidi. Juu, ukungu ulikuwa umekaa kati ya miti na ardhi ilikuwa nyeusi na teketeke, mizizi imevuka kila mahali, gurudumu la mbele likiteleza likirudi. Nyati walikuwa wamepita asubuhi hiyo. Kinyesi kilikuwa bado kinafuka. Njeru aliinua mkono, tukazima injini, tukasikiliza, hakuna kitu ila maji yakidondoka, tukawasha tena. Tulivuka kijito kwa gia ya kwanza na maji yakaingia viatuni. Halafu msitu ukakatika ghafla na njia ikashuka, mawe matupu, kona juu ya kona, na breki zangu zikaanza kunuka. "Tumia injini!" alipiga kelele huko chini. "Wachana na breki, tumia injini!" Niliiachia pikipiki izuiwe na gia zake, nikasimama juu ya vikanyagio, na tambarare yote ikafunguka mbele, ya kahawia na pana, haina mwisho. Nilianguka mara moja, kwenye mchanga wa kona, bega likauma siku nyingi. Aliniinua akinipangusa kwa viganja vyake vya oili na kunichafua zaidi. Niliendesha njia ile yote nikiwa nimeposwa na mtu asiyejua kwamba ameposa. Nililia kidogo ndani ya helmeti, na nilikuwa na furaha, na nilitamani isiishe, na nilitamani tufike nimwambie liniondoke kifuani.

Nilimwambia. Kulikuwa na hoteli ya mabati kwenye senta ya kwanza huko chini, meza moja, benchi moja, nyama ya mbuzi na chapati zilizopikwa tangu asubuhi. Nilingoja hadi amelowesha chapati kwenye supu. Nikamweleza lile bunda ni nini, nikamweleza maswali ya Mzee yalikuwa ya nini, na kwamba kwa watu wa boma lile sasa yeye ni mkwe. Chapati ilibaki hewani. Mwenye hoteli akaja kuuliza kama nyama ni ngumu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mwishowe akasema, akitazama supu, "Mimi nilitaka barabara tu."

"Hata mimi," nikasema. Nikacheka. Nikaagiza chai nyingine.

Aliinywa ya kwake ikiwa moto mno. Tulipotoka alinipa ufunguo, akaufunika mkononi mwangu kwa vidole vyake vyote, akasema, "Mrudishie mzee. Mwambie asante." Yeye akashika njia ya bondeni kuelekea kwao Embu, nami nikazunguka kwa lami hadi Kangeta na bega langu bovu. Jioni hiyo niliutundika ufunguo kwenye msumari mwenyewe. Baariu aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akawasha radio. Mwezi uliofuata alikuja fundi mwingine. Njeru alikuwa amepata kazi na malori ya kwenda kaskazini. Kabla mwaka haujaisha nilihamishiwa Timau. Nilipokuwa nafunga godoro langu, Mzee alisimama mlangoni. "Yule wa Embu akirudi," akasema, "ufunguo iko." Nilimwambia hatarudi. Nilikuwa na hasira, na wote wawili tulijua si kwake.

Sikuolewa. Watu walichoka kuuliza. Nisiwadanganye, si kwa sababu ya Njeru. Walikuja wengine, wazuri, na kila mmoja alitaka kujua nitauza lini ile pikipiki. Yeye alioa kwao, akapata watoto, akafiwa na mkewe. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwa watu wa ofisi, na chini ya hema alinithibitishia kwa maneno machache, mhubiri akiendelea. Nilimwambia kwamba nilipoingia ndani kumsalimia Mama Karimi niliuona ufunguo, msumari uleule. Aligeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena. Miguu yangu ilikuwa inacheza chini ya kiti.

Kisha msimamizi wa shughuli akashika kipaza sauti kutambulisha jamaa. Wana wakasimama, wajukuu wakasimama. "Na sasa wakwe wa boma hii, simameni tuwaone." Mume wa Karimi akasimama, na mume wa mdogo wake. Watu wakapiga makofi kwa adabu, wakaketi. Msimamizi alikuwa ameshafika kwa majirani wakati Mama Karimi, amekaa mbele amefunikwa shuka, alipoinua mkono.

"Bado mmoja," akasema.

"Cucu," msimamizi akamwambia bibi kizee, "wakwe ni hao wawili. Wamesimama."

"Bado mmoja. Yule wa Embu. Mzee alitafuna miraa yake kwa hii nyumba na hakuna mtu amewahi kuja kuidai." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hema lote liliisikia. "Njia yake iko wazi miaka yote hii. Yuko wapi? Nimemwona akiingia."

Vichwa vikaanza kugeuka, safu kwa safu, hadi vikafika kwenye viti viwili vya mwisho. Ningeweza kuinuka nikaeleza. Nina ulimi wa kueleza, niliulipiwa mshahara. Njeru hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, masikio yake mekundu kama siku ile ya supu, na kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye wa kusema," akaninong'oneza. "Nisimame ama nikae?"

Nikamwambia, "Simama."

Akasimama. Watu wakapiga makofi, Mama Karimi akashusha mkono, na mimi nikakaa pale kwenye kiti changu, nikatulia.